Kopo Fupi, Kopo Refu

Kuna watu wakisikia fulani anafundisha chekechea, husema ah, kazi yake basi ni kufuta kamasi na kuimba. Watu hao huwa nawakaribisha shuleni kwetu Katwe, hapa Kampala. Nawaambia waje asubuhi moja, niwaachie watoto wa miaka mitano chumba kizima na jerikeni ya maji, halafu nirudi baadaye nione nani analia. Mimi mwenyewe nafundisha darasa la tatu, nimezaliwa kambi ya polisi, sitishiki ovyo, lakini mbele ya wale wadogo nanyoosha mikono. Kwa hiyo nikimsifu Marie-Jeanne mjue simsifu kwa sababu ni rafiki yangu. Kabla hajawa rafiki yangu nilikuwa simpendi hata kidogo. Darasa lake na langu yanatenganishwa na ubao mwembamba, na mama yule anaimba kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Alitoka Bukavu mwaka 2004, baada ya mapigano ya mwaka ule, yeye na mumewe Emile na mtoto wao Ulrich. Kwao alikuwa amesomea kufundisha watoto wadogo. Vyeti vyake vilibaki katika nyumba ambayo hawakupata hata nafasi ya kuifunga mlango. Walipovuka mpaka walipelekwa kwanza kambi ya wakimbizi, huko magharibi, na huko Ulrich akashikwa na malaria iliyompanda kichwani. Hospitali ilikuwa mbali na pikipiki ya kumpeleka haikupatikana mpaka kesho yake. Mtoto alipona kwa rehema za Mungu. Alipopata nguvu ya kusimama tu, mama yake akamfunga mgongoni, akapanda basi la Kampala, na Emile akafuata nyuma na sufuria. Siku aliyonisimulia hayo alikuwa anacheka, lakini Ulrich alikuwa amempakata na hakumwachia. Hapo nikaelewa kwamba kambi kwake si neno la mchezo.

Hapa mjini alianza kwa kutembeza vitenge, na kwa kweli hakuwa na kipaji. Mteja akilalamika kidogo, yeye anamhurumia na kushusha bei. Kisha mwalimu wetu wa chekechea akaolewa Mbarara, na Marie-Jeanne akaja kwa Mzee Odur kuomba nafasi.

Mzee Odur ndiye hedimasta. Ni mtu wa Kitgum, kule kaskazini, mrefu, aliwahi kufundisha shule ya jeshi, na ukimya wake unaweza kumfanya mtu aungame dhambi ambazo hajazitenda. Shule yake imejaa watoto wa askari na polisi wa kaskazini, watoto wa Wakongo, na watoto wa mafundi wa Katwe. Kinachotukutanisha ni Kiswahili, ingawa kila mmoja anakivunja kwa upande wake. Alimwambia Marie-Jeanne kwamba vyeti haoni, basi ataangalia kazi. Afundishe muhula mmoja. Mwisho wa muhula atakuja kukaa darasani kwake somo zima, kisha atasema kama anabaki au anaondoka.

Emile naye akaweka sharti lake. Cherehani hakuwa nayo, kibarua cha kushona kilikuwa leo kipo kesho hakipo, na wenye chumba walikuwa wameanza kumwangalia vibaya. Akasema kama mke wake hatathibitishwa, Jumamosi ya wiki hiyo hiyo wanarudi kambini, ambako angalau wana kibanda na mgao wa chakula. Alikuwa ameshazungumza na mwenye lori. Mimi sikumlaumu. Mwanamume asiyejua familia yake itakula nini hana raha ya kuchagua mji. Lakini wiki ya kukaguliwa nilimkuta Marie-Jeanne jikoni kwa shule anachemsha chai bila kutia majani, akanimiminia maji meupe na kuniambia karibu chai. Nikaona roho ya mwenzangu iko juu, nikayanywa.

Somo alilotakiwa kulionyesha lilikuwa la kulinganisha vyombo, kipi kinachukua zaidi. Linasikika jepesi. Jaribu. Mtoto wa miaka mitano mpe uji katika kikombe chembamba kirefu, na mwenzake umpe uji ule ule katika bakuli, utaona vita. Wote wawili watataka kikombe, kwa sababu kwao kilichopanda juu ndicho kingi. Ukimweleza kwa maneno unajichosha. Marie-Jeanne alilipenda somo hili kuliko yote. Muhula mzima aliwachezesha na chupa za soda, makopo ya mafuta, ndoo iliyopasuka mdomo, hata buti la mvua la polisi mmoja ambaye sitamtaja kwa kuwa ni mume wangu. Kwanza watoto wanakisia, halafu wanamimina wenyewe. Alikuwa na wimbo wake kwamba jicho linaongopa na kumimina kunasema kweli, na mimi nyuma ya ubao nililala nao na kuamka nao.

Kwa siku ya hedimasta alitaka kitu cha pekee: makopo mawili yanayochukua sawasawa, lakini moja refu na jembamba, lingine fupi na pana. Chuoni kwao Bukavu walikuwa na ya kioo. Hapa kioo hakuna, ila tuna Taban.

Taban ni fundi bati, Mnubi, karakana yake imeegemea ukuta wa shule, na nyundo zake ndizo zinazotuambia kumekucha. Anatengeneza sigiri za mkaa, mabirika, mirija ya kumiminia mafuta, na zaidi ya vyote anatengeneza makopo mafupi ya kupimia maharage, ambayo wauzaji wote wa soko letu hununua kwake. Marie-Jeanne alimweleza kwa mikono na kwa kijiti juu ya vumbi. Taban akaitikia kwa kichwa, akakata bati, akakokotoa, na kesho yake makopo yalikuwa tayari yanang'aa. Bati alilipima vizuri, kwa hilo nitamtetea mbele ya yeyote.

Jioni Marie-Jeanne aliyajaribu nyumbani. Alijaza maharage katika kopo fupi, kama anavyojaza kila mama aliyewahi kusimama sokoni, akayamimina katika kopo refu, nalo likajaa hadi mdomoni bila kubaki punje. Asubuhi alinijia anacheka, akanikumbatia mbele ya wanafunzi wangu, akasema yako sawa, Dada Akullo, yako sawa kabisa. Kwa mara ya kwanza wiki ile chai yake ilikuwa na majani.

Alhamisi Mzee Odur akaingia na kiti chake mkononi. Kwa kawaida humchukua mwalimu mmoja akae naye, na siku hiyo alinichukua mimi, darasa langu nikaliachia hesabu za kuwashughulisha. Watoto walikuwa wamekaa mkekani. Juu ya meza palikuwa na makopo mawili na beseni la maharage. Marie-Jeanne alivaa kitenge chake cha kanisani, akawauliza watoto kopo gani linachukua zaidi. Karibu wote wakaonyesha refu. Wachache wakaonyesha fupi, lakini hao ni wale ambao ukiwaambia jua limetoka watasema ni mwezi.

Akachota maharage. Hapo Mzee Odur akainua mkono.

Alisema kwa sauti ya chini kwamba mama yake na dada zake wako kambini kule kaskazini, kwa ajili ya vita vya huko, na maharage kama hayo wanayapangia foleni. "Maharage ni ya kula, madamu," akasema. "Shuleni kwangu haichezewi. Tumia maji."

Nilikuwa nimefanya kazi na mzee yule miaka na miaka bila kujua kwamba ana mama kambini. Marie-Jeanne akainamisha kichwa, akasema amesikia, na nadhani katika chumba kile hakuna aliyemwelewa kuliko yeye. Nikaenda jikoni kuleta jerikeni.

Akajaza maji kopo fupi mpaka mdomoni kabisa. Watoto wakasimama ili waone. Akamimina katika kopo refu polepole, na maji yakapanda, yakapanda, kisha yakaisha. Kopo refu halikujaa. Juu palibaki nafasi ya vidole vitatu.

Halafu darasa zima likalipuka kwamba refu limeshinda, refu ndilo kubwa, na wengine wakaanza kuicheza ngoma ya ushindi. Muhula mzima mwalimu amewaimbia kwamba jicho linaongopa, na leo, mbele ya hedimasta, jicho ndilo limesema kweli. Marie-Jeanne akayarudisha maji, akafuta kopo, akajaza upya, akamimina kwa uangalifu wa mtu anayebeba mtoto aliyelala. Vidole vitatu vile vile. Nilimtazama Mzee Odur, uso wake haukuniambia kitu. Nikajisemea basi, unga umemwagika, Jumamosi lori linaondoka na Ulrich ndani yake. Niliogopa kana kwamba ni mtoto wangu.

Ndipo Victoire akasimama. Victoire ni binti mdogo mwembamba, mama yake Mkongo anauza maharage soko la hapa chini, na kwa muhula mzima nadhani sauti yake ilikuwa imesikika mara chache sana.

"Madamu," akasema, "wewe nakosa. Haukuweka nyongeza."

Hata wale wacheza ngoma waliiacha katikati. Mtoto wa chekechea kumwambia mwalimu amekosa, tena mgeni mkubwa amekaa pale, ni jambo ambalo katika madarasa mengi ya mji huu jibu lake hufika shavuni kabla halijafika sikioni. Nilimwona Victoire mwenyewe ameshafumba jicho moja, anangoja.

Marie-Jeanne aliliweka kopo fupi mezani. Akapiga magoti mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto, akamwuliza: "Nyongeza gani, mama? Unionyeshe."

Victoire akafumbua jicho. Akaenda moja kwa moja kwenye beseni bila kuomba ruhusa ya hedimasta wala ya mtu, akajaza maharage katika kopo fupi, na lilipojaa hakuacha. Akaendelea kuchota kwa viganja viwili, akajenga kilima juu ya kopo, akakizungushia mikono kama afanyavyo mama yake, akakipapasa kisimwagike. Kilima kilisimama. Akasema hivi ndivyo kopo linavyojaa, na maji hayawezi kujaa hivi.

Mzee Odur aliinua mkono tena kuhusu maharage, kisha akaushusha.

Nyongeza kila mtu anaijua. Ni kile kidogo ambacho muuzaji anakuongezea juu ili urudi kesho, na Wakongo wanaiita matabishi. Marie-Jeanne alikitazama kile kilima, akaitazama mikono yake mwenyewe, na nikaona jambo limemfikia. Jioni ile nyumbani alikuwa amejaza na kilima. Hakuamua, mikono ilifanya yenyewe, kwa sababu tangu utoto wake Bukavu hajawahi kuona kopo la maharage lisilo na kilima.

Lakini kama kopo fupi linahitaji kilima ndipo lilingane na refu, basi lenyewe ni dogo. Akamwuliza Victoire kama anajua kwa nini. Mtoto akashangaa kwamba mtu mzima anauliza. "Kopo ya soko iko na tumbo ndani," akasema. "Mama anasema nyongeza ni ya tumbo."

Marie-Jeanne akayarudisha maharage katika beseni, akaligeuza kopo. Kweli, kitako hakikukaa mwisho wa bati. Kilikuwa kimepandishwa ndani upana wa kidole.

Hapo mimi nilishindwa, nikacheka mbele ya bosi wangu. Katwe nzima inajua habari hii. Muuzaji anaagiza kopo lenye kitako kilichopanda, ili apunje kidogo. Mnunuzi anajua kwamba kitako kimepanda, kwa hiyo haondoki mpaka apate kilima. Muuzaji anajua mnunuzi atadai kilima, kwa hiyo anaagiza kitako kipandishwe. Wanapunjana hivyo mpaka wanatoka sawa na kuagana kwa amani. Taban hakuwa na nia mbaya. Mkono wake ukishika kopo fupi, kitako kinapanda chenyewe, mazoea. Na mkono wa Marie-Jeanne ukishika kopo fupi, kilima kinasimama chenyewe. Mikono ya fundi na ya mama ilikuwa imekubaliana, mwalimu hakushirikishwa.

Mwalimu mwingine angeyaweka makopo pembeni na kusema sasa tuimbe. Yeye alilikausha kopo fupi akalizungusha mkekani. Kila mtoto aliingiza mkono mmoja ndani na kuweka mwingine chini, akapapasa mahali ambapo kitako kilipaswa kuwa na mahali kilipo. Akawauliza kama kwa nje kulikuwa na mtu aliyeliona tumbo hilo. Hakuna. Akawauliza kama refu lilishinda kwa sababu ni refu. Wakafikiri. Kumwona mtoto wa miaka mitano anafikiri ni kitu kizuri, hukunja hata vidole vya miguu.

Kisha akafanya jambo ambalo naapa hakuwa amelipanga. Kopo refu lilikuwa bado pale na maji yake, na vidole vitatu vyake vya upungufu. Akalipindua kopo fupi, kitako juu. Kwa kuwa kitako kilikuwa kimezama, kwa upande huo kilifanya kisahani. Akakimiminia maji kisahani hicho mpaka mdomoni, akawaambia watoto haya ndiyo maji ambayo tumbo lilitunyima. Akamwita Victoire alishike kopo, na wawili wakayamimina pamoja katika kopo refu.

Maji yakapanda vidole vitatu, yakafika mdomoni, yakasimama. Hayakumwagika wala hayakupungua.

Sasa hivi naandika haya na bado nasikia jinsi chumba kilivyovuta pumzi. Watoto hawakupiga kelele. Walisogea, wakainamia kopo moja baada ya mwingine, kuangalia maji yaliyojaa sawasawa. Marie-Jeanne akamwambia Victoire asante kwa kumwonyesha alipokosea, akamwambia hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemshukuru jirani kwa chumvi.

Mzee Odur akasimama, akachukua kiti chake, akatoka.

Tulipangusa sakafu wawili, Marie-Jeanne na mimi. Nilijaribu kumtania kuhusu buti la mume wangu, hakucheka. Alisema somo limekwenda kombo, mzee ameona maharage yakichezewa baada ya kukataza, na vyeti hana. Alisema Jumamosi si mbali. Nikazidi kupangusa mahali palipokwisha kukauka.

Wakati wa uji akaitwa ofisini. Mimi nilipita karibu na mlango kwa shughuli zangu, na shughuli zangu zikanichelewesha hapo hapo.

"Madamu," nilimsikia Mzee Odur akisema, "mimi sikuangalia makopo. Niliangalia mkono yako. Mtoto alisema umekosa, mbele yangu, na mkono yako haikupanda."

Nikasikia kiti kikisogea, nikadhani wameniona.

"Vyeti nimeona vingi," akaendelea. "Wenye vyeti wengine niliwafukuza juu ya mkono ya kupiga watoto. Wewe utakaa na watoto wangu. Na hiyo maharage, mpikie Victoire ale."

Marie-Jeanne alitoka akanipita bila kuniona. Alikuwa analia bila sauti na kutabasamu, vyote kwa pamoja, na miguu ilikuwa inampeleka getini, maana Emile alikuwa amekuja kungoja jibu, Ulrich akiwa mabegani mwake. Nikamfuata. Upande wa pili wa ukuta Taban alikuwa anagonga mapipa, na Marie-Jeanne aliposema hakusikika. Emile akaweka mkono sikioni. Akasema tena, nyundo zikammeza tena. Emile alikuwa anamtazama machozi tu, na uso wake ukaanza kuanguka. Sikuweza kuvumilia.

"Baba Ulrich," nikapaza sauti, "kamwambie mwenye lori aende zake. Mnabaki."

Emile akamteremsha mtoto taratibu, kisha akakaa chini pale pale getini, juu ya vumbi, mbele za watu. Marie-Jeanne akakaa kando yake na kitenge chake cha kanisani. Halafu Emile akasema, macho yakiwa chini, kwamba hata yeye hakutaka kwenda, kwamba tangu azungumze na mwenye lori hajapata usingizi, kila akifumba macho anamwona Ulrich na homa ile.

Marie-Jeanne akamgeukia, akamsukuma bega mpaka akayumba. Akamwambia angesema mapema, angalau wangeogopa pamoja.